Mtafiti na Jamii Anayoichunguza: Funzo la Tama

Uhusiano wa idara za anthropolojia na umma mara nyingi huwa wa kuchukua bila kurudisha: mtafiti huondoka na data, nao wanajamii hubaki mikono mitupu. Makala haya yanabainisha jinsi Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, kilivyojaribu kuubadilisha uhusiano huo.

Mnamo 1948, wanafunzi wa idara ya chuo hicho, chini ya Profesa Sol Tax, walikwenda karibu na mji wa Tama, jimboni Iowa. Huko huishi Wameskwaki, Wenyeji Asilia walioanza kujinunulia ardhi hiyo mwaka 1857. Azma ya awali ilikuwa mazoezi ya utafiti tu. Hata hivyo, walipoyashuhudia matatizo ya wenyeji, wanafunzi walihoji iwapo ilikuwa haki kuandika na kunyamaza. Hapo ndipo Tax alipoasisi anthropolojia ya vitendo, yenye malengo mawili sawia: kujifunza na kusaidia. Aidha, alisisitiza kwamba uamuzi ni wa wenyeji wenyewe. Miongoni mwa matunda yake ni ufadhili wa masomo ya vyuoni na mradi wa sanaa ulioitwa Tamacraft, ingawa mradi huo haukudumu.

Hivyo basi, mwanafunzi wa fasihi simulizi anayekwenda nyanjani na kinasasauti hana budi kujiuliza mapema: fanani na jamii yake watanufaikaje? Swali hili lastahili kujibiwa pamoja nao, wala si baada ya tasnifu kukamilika.