Lugha mbili hazimlemei mtoto

Je, umewahi kuambiwa na mwalimu wa nasari au na jirani kwamba mtoto wako amechelewa kusema kwa sababu nyumbani mnazungumza lugha mbili? Huenda ulishauriwa uache lugha ya mama mara moja na umsemeshe Kiingereza pekee ili akili yake isichanganyikiwe. Wazazi wengi wa mijini hutii ushauri huo. Miaka michache baadaye, mtoto anapopelekwa mashambani likizo ya Disemba, nyanya na mjukuu huketi wakitazamana tu, kwa kuwa hakuna lugha inayowaunganisha.

Ushauri huo hauna msingi wa kitaalamu. Juma hili tutatazama yanayofanyika Marekani, ambako kuna shule zinazowafunza watoto kwa Kiingereza na Kihispania tangu wakiwa na umri wa miaka mitano hivi. Shule za aina hiyo zimechunguzwa kwa miaka mingi, na yaliyogunduliwa humo yanaweza kumwondolea hofu mzazi yeyote anayelea mtoto kwa lugha zaidi ya moja.

Zilivyoanza

Baada ya mapinduzi ya Cuba ya mwaka 1959, maelfu ya Wacuba walikimbilia mji wa Miami katika jimbo la Florida. Wengi wao walidhani wangekaa huko kwa muda mfupi kisha warudi kwao, na hivyo hawakutaka watoto wao wasahau Kihispania. Mwaka wa 1963, shule ya msingi ya Coral Way mjini humo ilianzisha mpango mpya. Watoto wa Wacuba na watoto wa Wamarekani wasemao Kiingereza waliwekwa katika shule moja. Sehemu moja ya siku kila kundi lilisoma kwa lugha yake, na sehemu nyingine likasoma kwa lugha ya wenzao. Wakati wa chakula cha mchana, muziki na michezo, makundi yote mawili yalichanganywa.

Wakati huo jambo hilo lilikuwa geni. Katika jimbo la Texas, kwa mfano, watoto wenye asili ya Mexico walikuwa wakiadhibiwa wakisikika wakizungumza Kihispania shuleni. Msomaji wa makamo hapa Kenya hahitaji kuelezwa zaidi. Wengi tunakikumbuka kile kibao, ambacho wengine walikiita "monto" na wengine "diski", kilichovishwa mtoto aliyeteleza akasema lugha ya kwao. Mtoto alijifunza kukiogopa kibao hicho, na papo hapo akajifunza kuionea haya lugha ya mamake.

Darasani huwaje?

Mpango huu huitwa wa pande mbili kwa sababu kila upande unajifunza kutoka kwa mwingine. Chukua darasa lenye watoto 24. Nusu yao wamelelewa kwa Kihispania na nusu kwa Kiingereza. Asubuhi hesabu inafunzwa kwa Kihispania. Mtoto aliyekuja shuleni bila Kiingereza sasa ndiye anayejua, naye humwelekeza mwenzake aliye kando yake. Mchana somo la sayansi linafunzwa kwa Kiingereza, na aliyekuwa akielekezwa anageuka kuwa mwelekezi. Hakuna anayeonekana mjinga siku nzima, wala hakuna anayejiona bingwa siku nzima.

Zipo njia mbili kuu za kugawa muda. Katika baadhi ya shule kila lugha hupewa nusu ya masomo tangu mwanzo. Katika nyingine, Kihispania huchukua asilimia 90 ya muda katika mwaka wa kwanza, kisha Kiingereza huongezwa hatua kwa hatua hadi lugha zote mbili zilingane katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Kihispania hupewa nafasi kubwa mwanzoni kwa sababu Kiingereza tayari kiko kila mahali: barabarani, dukani na kwenye televisheni.

Mwalimu hatafsiri. Wakati wa Kihispania ni Kihispania, naye hutumia picha, vitendo, nyimbo na vitu vya kushika ili mtoto aelewe. Kama angetafsiri kila sentensi, watoto wangeziba masikio wakingojea lugha waliyoizoea.

Faida katika masomo

Swali la kwanza la mzazi huwa ni moja: je, Kiingereza chake hakitaharibika? Jibu zuri limetoka mji wa Portland, jimbo la Oregon. Huko nafasi katika madarasa ya lugha mbili zilikuwa chache kuliko watoto walioomba, hivyo majina yalichaguliwa kwa kura. Zilikuwamo lugha kadhaa, Kihispania kikiwa mojawapo. Wachunguzi waliwalinganisha watoto waliopata nafasi na wale waliokosa kwa bahati tu, kwa hivyo haiwezi kusemwa kwamba kundi moja lilikuwa na wazazi wenye bidii zaidi.

Walipofika darasa la tano, waliosoma kwa lugha mbili walikuwa wamewatangulia wenzao kwa takriban miezi 7 katika kusoma Kiingereza. Katika darasa la nane walikuwa wamewatangulia kwa takriban miezi 9. Katika hesabu na sayansi hawakuachwa nyuma, ingawa sehemu ya masomo yao ilikuwa kwa lugha nyingine.

Yawezekanaje mtoto apewe Kiingereza kwa muda mfupi zaidi, kisha akisome vizuri zaidi? Sababu ni kwamba kazi ya kujua kusoma hufanywa mara moja tu. Mtoto akishaelewa kwamba herufi hubeba sauti na kwamba hadithi ina mwanzo na mwisho, hahitaji kuelewa hayo upya katika lugha ya pili. Kihispania, kama Kiswahili, huandikwa karibu sawasawa na kinavyotamkwa, hivyo ni daraja jepesi la kuvukia. Aliyefahamu kujumlisha kwa Kihispania ameshafahamu kujumlisha. Kilichobaki ni majina tu.

Hata hivyo, subira inahitajika. Jim Cummins, mtaalamu wa lugha nchini Canada, alionyesha kwamba mtoto anaweza kupiga gumzo kwa lugha mpya baada ya miaka miwili hivi, lakini huhitaji kama miaka mitano hadi saba kuimudu lugha ngumu ya vitabuni. Katika miaka ya kwanza watoto wa shule hizi wanaweza kuwa nyuma kidogo katika mtihani wa Kiingereza. Mzazi anayemwondoa mtoto wakati huo amemng'oa mche kabla haujazaa.

Je, ubongo unafaidika?

Zamani wataalamu wengi waliamini kwamba lugha mbili hudumaza akili. Mwaka wa 1962, Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwapima watoto wa miaka 10 mjini Montreal, Canada, wakakuta wanaojua Kiingereza na Kifaransa wakiwashinda wenzao wa lugha moja katika majaribio ya akili. Tangu hapo watafiti wengi wamedai kwamba kuchagua kati ya lugha mbili kila mara huuzoeza ubongo kumakinika.

Lakini usikimbilie kuamini kila sifa unayosikia. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 kuhusu watoto zaidi ya 4,000 wa Marekani wenye umri wa miaka 9 na 10 haukuiona faida hiyo ya umakinifu. Kwa upande wa wazee, uchunguzi wa mjini Toronto uliotolewa mwaka 2007 ulikuta kwamba wagonjwa waliozoea lugha mbili maishani walianza kuonyesha dalili za maradhi ya kusahau miaka 4 hivi baadaye kuliko wenzao. Jambo hilo nalo wataalamu bado wanalijadili.

Kwa hivyo usitarajie kwamba lugha ya pili itamgeuza mwanao kuwa na akili za ajabu. Inatosha kujua kwamba haimdhuru.

Moyo wa mtoto

Faida nyingine haipimwi kwa mtihani. Mtoto anayefunzwa kwamba lugha ya nyumbani ni ya aibu huanza kuwaonea aibu wanaoizungumza, yaani wazazi wake. Akiisahau, na wazazi wawe hawakijui vizuri Kiingereza, mazungumzo ya nyumbani hupungua na kubaki amri tu: njoo, kula, lala. Kisha hufika umri wa kubalehe, wakati anapohitaji sana ushauri kuhusu marafiki, mapenzi na dawa za kulevya, na hapo mzazi na mtoto hawana maneno ya kutosha ya kuzungumzia mambo mazito. Shule inayoiheshimu lugha ya mama inamwachia mtoto mlango wa kurudi kwa wazee wake.

Hofu za kawaida

Lugha mbili hazisababishi kigugumizi wala hazisababishi ugonjwa wa kuchelewa kusema. Mtoto wa lugha mbili hutamka neno la kwanza karibu na mwaka mmoja, na huunganisha maneno mawili karibu na miaka miwili, sawa na wengine. Huenda akawa na maneno machache katika kila lugha, lakini ukiyahesabu ya lugha zote mbili pamoja utaona hajapungukiwa.

Kuchanganya lugha katika sentensi moja pia si ugonjwa. Mtoto asemaye "nipe ile ball" anatumia neno lililo karibu. Watu wazima hufanya vivyo hivyo kila siku ndani ya matatu.

Lakini usiisingizie lugha pale penye dalili za shida. Mpeleke mtoto hospitali ikiwa:

- hajaanza kubwabwaja sauti kama "ba-ba-ba" afikapo mwaka mmoja;

- hana neno hata moja afikapo mwaka mmoja na nusu;

- haunganishi maneno mawili afikapo miaka miwili;

- hageuki akiitwa, au amekuwa akitokwa na usaha masikioni;

- alikuwa akisema kisha akaacha, katika umri wowote.

Masikio yapimwe kwanza. Mtoto asiyesikia vizuri hatasema vizuri kwa lugha yoyote, na kumnyang'anya moja hakutamponya.

Kasoro zake

Shule hizi pia zina matatizo. Walimu wanaozimudu lugha zote mbili ni adimu. Kiingereza huelekea kukimeza Kihispania uwanjani, hata pale wanapojitahidi kukilinda. Siasa nazo huingia: mwaka wa 1998 wapiga kura wa California walipitisha sheria iliyobana sana ufundishaji wa lugha mbili, na haikubatilishwa hadi kura ya mwaka 2016. Watoto waliopita shuleni katika miaka hiyo 18 hawawezi kurudishiwa nafasi waliyoikosa.

Mzazi wa hapa afanyeje?

Hapa kwetu hatuna haja ya kutafuta Kihispania. Nyumba nyingi za mijini tayari zina lugha mbili au tatu. Katiba ya 2010 imevitambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilikuwa tayari imependekeza watoto wa madarasa ya chini wafunzwe kwa lugha inayotumika katika eneo la shule. Upungufu uko katika imani yetu.

Zungumza na mtoto kwa lugha unayoijua vizuri zaidi. Kiingereza cha kuungaunga hakimfai kuliko Kiluo, Kikamba au Kiswahili fasaha. Mtolee hadithi na umwimbie kwa lugha hiyo kila siku, maana lugha isiyotumika husahaulika. Ikiwa baba na mama wana lugha tofauti, kila mmoja atumie yake bila wasiwasi. Mtoto akikujibu kwa lugha nyingine usimkaripie, wewe endelea na yako. Mpigie nyanya simu na umpe mtoto azungumze naye.

Na mwalimu akikwambia uache lugha ya nyumbani, muulize kwa heshima ni dalili gani aliyoiona. Kama ni dalili ya kweli, nenda kliniki. Kama hakuna, mrudishe mtoto nyumbani mkaendelee na hadithi mlipoachia.