Kufundisha Msamiati wa Kiingereza wa Uokoaji Majini

Mwanafunzi wa Lumemo huujua mtumbwi, kafi na pondo kabla hajaiona bahari. Kwa hiyo tunashauri somo hili lianzie mtoni, wala si kwenye picha ya meli.

Ugumu mkubwa umo katika kitenzi kimoja. Kwa Kiswahili chombo huzama, na mtu pia huzama. Kiingereza hutenganisha: chombo hupinduka, “capsize”, kisha huzama, “sink”, mtu afaye maji ndiye “drown”. Ndiyo maana tunasahihisha mara kwa mara madaftari yasemayo kwamba mtumbwi “drowned”. Kosa la pili ni zito zaidi: kuandika “drowned” kwa mtu aliyeopolewa hai ni kumzika angali anapumua. Huyo ni “rescued”.

Wanafunzi wasimulie jinsi pantoni ya MV Kilombero II ilivyopinduka katika Mto Kilombero Januari 2016, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2018. Hapo ndipo “lifejacket”, jaketi la kujiokolea, na “lifeboat”, mashua ya uokoaji, yatakapopata maana.

Lakini mwalimu atangulie kuuliza kwa upole, kwani huenda darasani yumo aliyefiwa majini.