Bakuli la Mtoto: Mlo wa Haraka, Ulio Kamili na Salama

Somo hili linawahusu wazazi na walezi wa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, hususan wale wanaoishi Tanga, Pangani, Muheza na Mkinga. Mama anayerudi kutoka sokoni saa kumi na mbili jioni hana muda wa kupika vyungu vitatu. Kwa sababu hiyo, kaya nyingi hukimbilia uji wa unga wa lishe ulionunuliwa tayari. Tutaeleza namna ya kununua unga huo kwa busara, na namna ya kuandaa milo mingine isiyozidi nusu saa jikoni.

Hatari isiyoonekana

Mahindi na karanga ndiyo malighafi kuu ya unga wa lishe. Ndiyo pia mazao yanayoshambuliwa kwa urahisi na kuvu watoao sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo haina rangi, harufu wala ladha, na kuchemsha uji hakuiondoi. Mwaka 2004, nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ugonjwa huo huo ulisababisha vifo hapa nchini, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hata kiasi kidogo kinacholiwa kila siku kwa muda mrefu hudhuru ini. Mtoto mchanga yumo hatarini zaidi, kwa kuwa mwili wake ni mdogo na uji ndio chakula chake cha kila siku.

Unyevu wa pwani, hasa wakati wa masika, huzidisha tatizo. Unga uliokauka vizuri ukiachwa wazi hufyonza unyevu wa hewa, na kuvu hupata mahali pa kuota.

Kabla ya kulipa

Tunamshauri mlaji akague mambo yafuatayo anaponunua unga wa lishe:

1. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Tangu mwaka 2019 shirika hilo ndilo lenye jukumu la kusimamia usalama wa chakula Tanzania Bara. Kiwango kinachokubalika cha sumukuvu katika nafaka hakizidi maikrogramu 10 kwa kila kilo moja, na kipimo hicho hufanyika maabara. Jicho la muuzaji haliwezi kukithibitisha.
2. Jina na anwani ya mtengenezaji, orodha ya viambato, uzito, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi.
3. Hali ya kifungashio. Usinunue kilichotoboka, kilicholowa au ambacho unga wake umeganda mabonge.
4. Madai ya kupita kiasi. Unga ni chakula, hautibu maradhi. Wingi wa nafaka zilizochanganywa pia si kipimo cha ubora, kwani nafaka saba bado ni kundi moja la chakula.

Unga unaopimwa kutoka kwenye gunia lisilo na maandishi huonekana nafuu. Hata hivyo, mnunuzi hawezi kujua umesagwa lini wala karanga zake zilikuwa na hali gani. Ukipata mashaka, tunza kifungashio na risiti, kisha toa taarifa kwa ofisa afya wa kata au ofisi ya TBS.

Anayependa kusaga mwenyewe achambue mahindi na karanga kabla ya kwenda mashineni, aondoe punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, na azitupe. Punje hizo wasipewe kuku wala ng'ombe, kwa sababu sumu hupita hadi kwenye maziwa. Karanga zisagwe peke yake, kidogo kidogo, na kutiwa ndani ya uji wakati wa kupika. Zikichanganywa na unga wa mwezi mzima huchacha upesi.

Milo minne ya nusu saa

Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi 6, kisha aendelee kunyonya hadi miaka 2 au zaidi huku akila vyakula vingine. Vipimo vya milo hii vinamtosha mtoto mmoja.

Viazi vitamu na dagaa. Menya kiazi kimoja, hasa chenye nyama ya rangi ya chungwa, ukikate vipande vidogo na kukichemsha. Osha dagaa wakavu kwa maji ya moto, uwakaange bila mafuta, uwasage wawe unga laini. Ponda kiazi, tia kijiko kimoja cha unga wa dagaa na vijiko viwili vya tui zito, kisha rudisha jikoni hadi tui lichemke.

Uji wa mchele kwa yai. Chemsha konzi moja ya mchele uliooshwa hadi ulainike kabisa. Tia tui jepesi. Piga yai moja, ulimimine huku ukikoroga, na uache lichemke hadi liive kabisa.

Choroko na mchicha. Loweka choroko tangu asubuhi ili ziive haraka jioni. Zikikaribia kuiva, tia mchicha uliokatwa laini, karoti iliyoparuzwa na kijiko kidogo cha mafuta. Ponda pamoja.

Ndizi mbichi na samaki. Chemsha ndizi moja pamoja na kipande cha samaki na nyanya. Toa samaki, mchambue miiba kwa vidole safi, kisha ponda vyote pamoja. Kazi ya miiba asiachiwe mtoto mkubwa wa nyumba.

Baada ya mlo, mpe kipande cha papai, embe au chungwa la Muheza. Chai ya rangi haifai, kwa kuwa huzuia mwili kufyonza madini ya chuma.

Kiasi, uzito na usafi

Mtoto wa miezi 6 huanza na vijiko viwili au vitatu, mara mbili hadi tatu kwa siku. Miezi 9 hadi 11 hula nusu kikombe cha mililita 250, mara tatu hadi nne. Kuanzia mwaka mmoja huhitaji robo tatu hadi kikombe kizima. Chakula kiwe kizito, kisichotiririka kijiko kinapoinamishwa, kwani uji mwepesi hujaza tumbo kwa maji.

Asali isitolewe kabla ya mwaka mmoja, na karanga nzima zisitolewe kabla ya miaka 5, kwa kuwa zinaweza kumkaba. Muhogo mchungu na kisamvu kisichotwangwa na kuchemshwa vema vina sumu. Chumvi ya familia iwe yenye madini joto na iliyofungashwa. Ile ya mawe inayouzwa kwa kopo huenda haina. Chakula kilichokaa zaidi ya saa mbili bila jokofu asipewe mtoto.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kuchemsha uji hakutoshi kuufanya unga wenye sumukuvu uwe salama?
2. Tazama unga uliomo nyumbani mwako sasa. Je, una jina la mtengenezaji, tarehe na alama ya ubora?
3. Katika mlo wa mtoto wako wa jana, kulikuwa na nini zaidi ya nafaka?

Ikiwa jibu la swali la tatu ni "hakuna", tunakushauri uanze leo kwa kijiko kimoja cha unga wa dagaa.