Kumsamehe Aliyekuumiza: Uanzie Wapi?

Kama kuna mtu ambaye ukisikia jina lake moyo unachafuka, na ukisali Baba Yetu ulimi unakuwa mzito pale pa kusameheana, makala hii ni yako.

Kusamehe ni nini hasa? Ni kuacha kisasi na kumwachia Mungu hukumu. Si kusahau, wala si kusema kwamba kosa halikuwa kosa. Papa Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981. Siku nne baadaye, akiwa bado hospitalini, alitangaza kwamba amemsamehe aliyempiga risasi, Mehmet Ali Ağca, na Desemba 1983 akamfuata gerezani Roma wakazungumza. Hata hivyo, Ağca aliendelea kutumikia kifungo Italia hadi mwaka 2000. Msamaha haukuizuia sheria kufanya kazi yake.

Nianze vipi? Chukua karatasi uandike mambo matatu: alichokutendea, ulichopoteza na unachotaka. Kwa mfano: “Kaka aliuza shamba la mama bila kunishirikisha. Sina pa kulima. Nataka akiri, tugawane fedha.” Kisha isome karatasi hiyo katika sala, umtaje kwa jina, umwambie Mungu kwamba kisasi umekiacha. Machozi yakitoka, yaache yatoke.

Je, nimwendee? Mathayo 18:15–17 inatupa utaratibu. Kwanza zungumzeni wawili, faraghani. Asiposikia, nenda na mtu mmoja au wawili wenye busara. Akikataa tena, lifikishe kanisani. Usianzie kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Nikitaka msaada wa padri au mchungaji, nitalipa kiasi gani? Kuungama kwa padri hakuna malipo, na mchungaji au mzee wa kanisa hapaswi kukutoza kwa kukusikiliza. Ukidaiwa fedha ili “ufunguliwe” moyo, ondoka.

Na kama aliyeniumiza bado ananipiga? Usirudi penye hatari. Kusamehe unaweza peke yako; kupatana kunahitaji aliyekosa akiri na abadilike. Ukiwa Tanzania, nenda kituo cha polisi, uulizie Dawati la Jinsia na Watoto, yaani ofisi inayopokea kesi za ukatili wa nyumbani. Huduma yake ni bure. Anayeumizwa akiwa mtoto, piga simu 116, Tanzania au Kenya, bila malipo.

Uchungu ukirudi? Huenda ukarudi, hasa mkikutana msibani au harusini. Hilo halimaanishi kwamba hukusamehe. Petro alipouliza asamehe mara ngapi, Yesu alimjibu saba mara sabini. Basi rudia uamuzi wako kila uchungu unapopanda. Ukikosa usingizi au hamu ya kula kwa majuma kadhaa, nenda pia kituo cha afya ukaeleze hali yako.

Usingoje aje kukuomba radhi ndipo uanze. Leo kabla ya kulala, mwombee kwa jina lake, hata kwa sentensi moja.