SOMO: NI NINI KILICHOSUKUMA MISAFARA YA BAGAMOYO?

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilizidi kusogea bara: Tabora, kisha Ujiji, na hatimaye Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Chanzo chake kilikuwa mbali na njia hiyo.

Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Meli za Salem zilileta Unguja kitambaa cha pamba, ambacho watu walikiita merikani. Ziliondoka na pembe za ndovu, zilizotengenezwa vitana na vibonyezo vya piano katika viwanda vya Connecticut. Kila ndovu walipopungua mahali pamoja, misafara ilikwenda mbele zaidi.

Mwenye msafara alikopa bidhaa kwa matajiri wa pwani, akalipa kwa pembe. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo kwa ujira. Watumwa walibeba bila ujira. Waliobeba hawakuwa na kauli katika bei.

Vita vya 1861 hadi 1865 huko Marekani vilipunguza merikani sokoni. Baadaye reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na njia ya Bagamoyo ikapoteza kazi yake.

Funzo: anayetegemea bidhaa moja na njia moja huamuliwa na wengine. Ushirika humpa mkulima kauli pale tu wanachama wanapolijua soko lao.

Maswali ya mjadala:
1. Mazao ya chama chenu huishia wapi, na nani hupanga bei?
2. Soko hilo likifungwa, chama kitauza nini?