Alama katika Moyo wa Mtoto Asiyezaliwa Bado

Wakatekumeni wapendwa, mmekwisha kujifunza ya kuwa Mungu ndiye Muumba wa kila mtu, na ya kuwa mtoto aliye tumboni ni mtu mwenye roho. Leo tutazame jambo linalowapata wazazi wengine wakati wa mimba, nalo hujaribu sana imani yao.

Tufikiri mama aliyefikisha miezi mitano. Amekwenda hospitali ya mji, na daktari amemtazama kwa ekografi. Chombo hicho hakikati mwili wala hakichomi. Kinapeleka tumboni sauti isiyosikika kwa masikio yetu, nayo hurudi kama mwangwi wa mlimani na kuchora sura ya mtoto juu ya kioo. (Daktari Ian Donald wa Glasgow na wenzake walitangaza kazi hiyo mwaka 1958, kabla yake mwangwi wa namna hiyo ulitumika kutafuta nyufa katika vyuma.) Daktari ananyamaza kidogo, kisha asema: «Naona kitu katika moyo wa mtoto.» Mama alikuja kwa furaha, sasa arudi nyumbani na neno hilo moja tu, wala hakuuliza ni kitu gani.

Kumbe, vitu vionekanavyo moyoni si vya namna moja. Pengine ni nukta nyeupe, ndogo kama punje ya ulezi. Hiyo si tundu wala si ugonjwa; ni mahali padogo katika nyama ya moyo penye chokaa kidogo, panaporudisha mwangwi kwa nguvu. Katika watoto 100 wazima, yapata 3 hata 5 wanayo, na moyo wao hufanya kazi vizuri. Lakini kwa kuwa nukta hiyo huonekana zaidi kidogo kwa watoto wenye hali iitwayo trisomi 21, ambao hukawia kukua na kufahamu, daktari hutazama tena viungo vyote. Akikuta vingine ni vizuri, nukta yenyewe haina haja ya dawa.

Pengine ni tundu katika ukuta unaogawanya vyumba vya moyo. Tundu dogo mara nyingi huziba lenyewe. Kubwa huweza kuhitaji kupasuliwa. Ziko na kasoro nzito kuliko hizo. Karibu mtoto 1 katika 100 huzaliwa na kasoro fulani ya moyo, kwa matajiri na kwa maskini. Tena liko tundu moja ambalo kila mtoto analo tumboni, kwa maana hapumui bado kwa mapafu, nalo kwa kawaida hufungwa akiisha kuzaliwa. Basi neno «tundu» peke yake halijaeleza kitu.

Kwa hiyo mama arudi pamoja na mumewe, wamwulize daktari: Ni nukta au ni tundu? Viungo vingine vikoje? Azalie wapi? Ulizo hili la mwisho lapita yote kwa watu wa vijijini. Mtoto mwenye kasoro nzito akizaliwa hospitalini huweza kusaidiwa siku ile ile. Akizaliwa mbali, safari yenyewe yaweza kumwua.

Lakini nyumbani lawangoja ulizo jingine: «Nani amefanya hivi?» Mama mkwe amtaja mke wa mwanawe, shangazi amtaja jirani, mwingine ataka waende kwa mpiga ramli. Hapo ndipo mkatekumeni huonyesha kama ameacha kweli mambo ya kale. Kwenda kwa mpiga ramli ni kuvunja amri ya kwanza. Kumsingizia mtu uchawi ni kuvunja ya nane. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walimwuliza Yezu ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Yezu alikataa: si yeye, wala si wazazi (Yoane 9). Ingefaa habari hiyo isomwe kwa sauti katika kikao cha ukoo. Moyo wa mtoto huumbika katika miezi miwili ya kwanza, pengine mama hajajua bado kwamba ana mimba, na mara nyingi hata madaktari hawaoni sababu ya kasoro.

Ulizo. Je, ni dhambi kumtazama mtoto kwa ekografi?
Jibu. Hapana, ikiwa nia ni kumlinda na kumponya. Kumtazama kwa nia ya kumwua akionekana na kasoro ni kosa kubwa juu ya amri ya tano.

Ulizo. Akizaliwa katika hatari ya kufa, na padri yu mbali?
Jibu. Abatizwe upesi. Katika hatari hiyo kila mtu aweza kubatiza, hata mkunga, hata mkatekumeni asiyebatizwa bado, akiwa na nia ya kufanya lile lifanywalo na Kanisa. Ammwagie mtoto maji kichwani, huku akitamka maneno ya ubatizo, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Jifunzeni maneno hayo kwa katekista mapema, kabla ya siku ya kuzaa.

Ulizo. Akifa kabla ya kubatizwa?
Jibu. Kanisa humkabidhi kwa huruma ya Mungu, nalo huwaombea wazazi wake.

Ulizo. Na akipona?
Jibu. Habatizwi mara ya pili. Wazazi wampashe padri habari, aandike jina lake katika kitabu cha ubatizo. Kisha mtoto aletwe kanisani kwa sala zilizobaki na kupakwa krisma.