Deni la Mdomo: Somo Tulilolipata Buyenzi



Kila Jumamosi baada ya Alasiri baadhi yetu hujitolea katika madrasa moja ya Buyenzi kuwafundisha vijana hesabu za pesa zao: kinachoingia, kinachotoka, kinachobaki. Wengi wao ni wanagenzi wa garaji. Nilikwenda na somo la kuweka akiba, nikakuta wanalijua. Mama zao wanacheza ikirimba tangu wao hawajazaliwa. Kilichowasumbua ni mikopo. Mmoja alimkopesha mwenzake faranga kwa mdomo tu. Leo huyu anasema 40,000, yule anasema 20,000, na msikitini hawasimami safu moja.

Basi tukafungua Surat al-Baqara, aya ya 282. Wengi wetu tunaisifu kwamba ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, tukaishia hapo. Tuitazame inavyoagiza: deni la muda maalumu liandikwe, aandike mtu wa kati kwa uadilifu, wawepo mashahidi, wala tusichoke kuliandika, liwe dogo au kubwa. Biashara ya papo hapo, mkono kwa mkono, ndiyo iliyosamehewa kuandikwa.

Jambo lililowashangaza vijana ni hili: anayetamka maneno ya kuandikwa ni mdaiwa, yaani aliyekopa. Mwenye pesa hatamki. Mdaiwa akitamka mwenyewe, amekiri, hana tena njia ya kukana. Na papo hapo amelindwa asiandikiwe zaidi ya alichochukua. Ndiyo maana ameamrishwa amche Mola wake wala asipunguze chochote.

Je, kuandika ni wajibu? At-Tabari na Ibn Hazm wamesema ni wajibu. Jumhuri ya wanazuoni wanaona ni jambo linalopendekezwa, kwa kuwa aya ya 283 imetaja watu kuaminiana. Vijana wakaidaka rai hiyo ya pili! "Sisi tunaaminiana, ustadhi." Nikawaambia aya hiyo hiyo inamtaka aliyeaminiwa arudishe amana, na zile faranga zenye mgogoro nazo zilitolewa kwa kuaminiana.

Ndipo kijana mmoja akauliza: "Na wewe ustadhi, ukikopa unaandika?"

Nilikuwa na deni la mwenzangu wa chumbani tangu Ramadhani. Hatukuandika hata herufi. Nikawaambia ukweli, wakacheka sana.

Usiku ule nikamwita jirani yetu aje na kalamu, na wenzetu wawili wawe mashahidi. Kabla hatujaanza, mwenzangu akasema, "Si ni 25,000 tu?" Mimi nakumbuka alinipa mara mbili, 20,000 kisha 10,000. Kwa sekunde kadhaa, Mungu anisamehe, nilinyamaza. Lakini wa kutamka nilikuwa mimi. Nikatamka 30,000, kulipwa mwisho wa mwezi, na jirani akaandika.